Mji wa Mwanangu na Shamba la Baba

Haikunipitikia hata siku moja kwamba mtoto wa miaka 12 angeweza kunifundisha jambo juu ya shamba la marehemu baba yangu. Lakini ndivyo ilivyotokea katika likizo ya shule ya mwaka jana. Na kwa kuwa najua wasomaji wengi wa ukurasa huu nao wana mashamba ya urithi huko walikotoka, nimeona si vibaya nikikisimulia kisa hiki kama kilivyokuwa, pamoja na zile sehemu zake zisizonipa sifa.

Baba yake alimnunulia kijana wetu kompyuta iliyokwisha tumika, ili imsaidie katika masomo. Ndani yake mlikuwamo mchezo uitwao SimCity 4, uliotoka mwaka 2003, yaani kabla yeye hajazaliwa. Katika mchezo huo mtoto ndiye meya. Hupewa ardhi tupu yenye vilima na bahari, naye huigawa kwa rangi: kijani kwa makaazi, bluu kwa biashara, manjano kwa viwanda. Nyumba hajengi yeye. Kazi yake ni kuchora barabara, kuweka kituo cha umeme, kulaza mabomba ya maji na kutoza kodi. Mambo hayo yakienda sawa watu huja wenyewe wakajenga. Yakienda kombo, huhama wenyewe vilevile. Tena si mji mmoja tu. Mchezo una mkoa mzima wa miji iliyopakana, na mji mmoja waweza kuuuzia mwingine umeme au maji.

Kijana alijitungia mkoa wake, kisiwa kirefu chenye miji minne. Aliiita Bandari Mpya, Karafuuni, Jabali, na Mji wa Bibi. Huyo bibi ni mama yangu mzazi, anayeishi Pemba, na ambaye mjukuu wake alikuwa amemwona mara mbili tu maishani.

Nakiri kwamba mwanzoni niliudharau mchezo huo. Siku moja nilisoma habari za aliyeuanzisha, Mmarekani aitwaye Will Wright. Mwaka 1984 mtu huyu alitoa mchezo wa vita ambamo helikopta hushambulia visiwa. Alipokuwa akiutengeneza alijikuta anafurahia zaidi kuvijenga visiwa vile, pamoja na barabara na viwanda vyake, kuliko kuvipiga mabomu. Furaha hiyo ndiyo iliyozaa SimCity ya kwanza, mwaka 1989. Nilipoyajua hayo moyo wangu ulilainika. Mchezo uliotokana na mtu kupenda kujenga kuliko kubomoa hauwezi kukosa heri yote.

Hata hivyo, usiku mmoja nilimkuta kijana anataka barabara pana, iliyonyooka, kutoka Bandari Mpya hadi Karafuuni. Katikati palikuwa na kijiji alichokianzisha mwenyewe wiki iliyotangulia. Alibonyeza kitufe mara moja, vumbi likatimka katika kioo, na kijiji kikawa si kijiji tena.

“Na waliokuwa wakikaa hapo?” nikamwuliza.

“Wamehama, mama. Tazama, watu wamepungua mia mbili tu. Watarudi.”

Nilimpa hotuba ndefu. Nilimweleza kwamba watu si tarakimu, na kwamba mwenye kuongoza hana budi kuuliza kabla ya kutenda. Aliniitikia “ndiyo, mama” kwa adabu zote, akaendelea na barabara yake.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tukijitayarisha kwenda Pemba, na safari yenyewe ilikuwa na jambo. Baba alifariki dunia miaka mitatu kabla ya hapo. Alituachia shamba la eka mbili na kitu karibu na mji wa Wete: minazi, miembe, na mkarafuu mmoja mkongwe ambao hakuna aliyethubutu kuutia shoka. Mji umekuwa ukitusogelea mwaka hata mwaka, na watu wakawa wanakuja kuulizia viwanja. Tuko ndugu watano, pamoja na mama mwenye thumni yake. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mvuvi, alihitaji mashine ya boti. Dada yetu alikuwa na watoto wanaosoma. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma zaidi, nilipewa kazi ya kuchora mgawanyo. Niliuchora mezani pangu ofisini, Dar es Salaam, kwa rula na kalamu nzuri: viwanja vinane vilivyopangana kama meno ya kitana. Mama tulimwuliza kwa simu kama ameridhika. Akajibu kama mama wote wanavyojibu: “Mkiridhika nyinyi, nami nimeridhika.”

Tulishuka bandari ya Mkoani asubuhi, tukapanda gari la kuelekea kaskazini. Kijana alikaa dirishani, na maswali hayakumwisha. Kwa nini barabara inapinda hivi? Nikamwonyesha vilima na mabonde. Pemba ina urefu wa kilomita kama 67 tu, lakini anayeipita huona kama ni zaidi, maana kila mara anapanda au anateremka. Kwa nini Chake Chake na Wete hazikujengwa ufukweni wazi? Nikamwambia atazame mahori yanayoingia ndani ya nchi katikati ya mikoko. Majahazi yaliweza kufika mpaka huko na kupakia karafuu bila kupigwa na mawimbi.

“Na karafuu ilikuja lini?”

Hapo nilimsimulia kimbunga cha Aprili 1872. Kilipita Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, lakini Pemba ikasalimika. Na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Kijana alifumbua macho. Katika mchezo wake kipo kitufe cha kuleta maafa, lakini haikumjia kwamba maafa ya mji mmoja yaweza kuwa riziki ya mji mwingine. Nilipomweleza kwamba umeme wa Pemba hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari na kuanza kazi mwaka 2010, na kwamba nilipokuwa mtoto tulitegemea majenereta ya dizeli, alipiga kofi. “Kumbe Pemba nayo inanunua kwa jirani!”

Nilimwonyesha pia nyumba za maendeleo, Madungu katika Chake Chake na baadaye Mtemani pale Wete. Ni majengo ya ghorofa yaliyotokana na mpango wa baada ya Mapinduzi ya 1964 wa kuwapatia wananchi makaazi mapya. Marehemu shangazi yangu alipata kuishi humo. Alikuwa akituchekesha kwa kusimulia siku aliyopandisha kinu chake juu, akaanza kutwanga, na jirani wa chini akapanda ngazi mbio akidhani nyumba inaanguka. Ilibidi wote wa ngazi ile wakubaliane: kutwanga ni chini, uwanjani, na kwa zamu. Makubaliano ya kinu hayakuwa katika michoro ya wahandisi. Waliyatunga wakaazi wenyewe.

Siku ya pili tulikwenda upande wa Tumbe, tukaingia katika magofu ya Chwaka. Pale pana mabaki ya misikiti ya mawe na makaburi ya kale, na miti imeota juu ya kuta. Wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba palikuwa na mji tangu karne ya 11 hadi mnamo mwaka 1500, na kwamba kabla yake, hapo jirani Tumbe, palikuwa na kijiji kikubwa tangu karne ya 7. Kijana alizunguka kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mama, mimi nikianza mchezo, ardhi huwa haina kitu. Hapa hata msituni mlikuwa na watu.” Nilimsifu kwa maneno hayo, wala sikuyatia moyoni zaidi ya hapo.

Jioni tulikaa uwanjani na mama, juu ya mkeka, chini ya muembe. Alikuwa amesikia habari za mji uliopewa jina lake.

“Haya, mume wangu,” alimwambia mjukuu wake, “nionyeshe huo mji wangu.”

Kompyuta ilikuwa imebaki Dar es Salaam. Kijana akachukua kijiti, akasafisha mchanga kwa kiganja, akachora. Vifuu vya nazi vikawa nyumba, kokoto zikawa maduka, kijiti kirefu kikawa barabara kuu. Alieleza kila kitu kwa ufasaha. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamsifu, halafu akainama kutazama vizuri.

“Kisima ki wapi?”

“Maji yanakuja kwa bomba, bibi.”

“Na siku bomba likikauka?”

Kijana akakuna kichwa.

“Na mtu akifa huku,” mama akaendelea, akigusa kifuu kimoja kwa ncha ya kidole, “jeneza litapita wapi mpaka makaburini? Mbona umepanga nyumba mpaka mpakani, hata pa kupitisha maiti hapana?”

Kijana alicheka, akafuta kwa mguu, akaanza kuchora upya. Mimi sikuweza kucheka. Uso uliniwaka moto kama niliyeshikwa na cha mtu. Maana ndani ya mkoba wangu, hatua kumi kutoka pale, ilikuwamo karatasi yangu yenye viwanja vinane, na katika karatasi ile hapakuwa na kisima wala njia ya makaburini.

Njia hiyo inapita katikati ya shamba letu. Baba hakuichonga, aliikuta, na aliyemwuzia naye aliikuta. Kijiji kizima huipita. Nimeipita mimi mwenyewe utotoni na ndoo kichwani, nikitoka kisimani kabla ya kwenda shule. Siku baba alipoondoka nilisimama upenuni, nikalitazama jeneza lake likienda kwa njia ile ile mpaka likapotea nyuma ya minazi. Na bado, nilipokaa mezani na rula yangu, niliweka kiwanja cha tano na cha sita juu yake. Mwanangu alibomoa kijiji cha kioo, ambacho hakina mtu, nikamhutubia. Mimi nilifuta njia ya watu walio hai na ya waliokufa, nikaona nimechora vizuri. Katika karatasi yangu, kama katika mchezo wake, ardhi ilianza tupu.

Mama hakuwa ameiona karatasi ile. Lakini mama yangu si mtu wa kuuliza swali moja kwa mtu mmoja.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, tulikaa kikao cha ndugu. Niliitandika karatasi nikasema wazi kwamba nimekosea. Tukamwomba mzee mmoja jirani, tukaenda naye shambani kwa miguu, na yeye ndiye aliyetupimia njia. Hakutumia futi. Alitaka ipite jeneza na watu walioliinamia mabegani, kulia na kushoto, bila mtu kukanyaga shamba la mwenziwe. Tulipoongeza na uwanja wa kisima, viwanja viwili vilikwisha.

Mdogo wangu mvuvi hakuinua sauti. Alisema tu, “Dada, wewe una mshahara wa kila mwezi. Mimi bahari hainisubiri.”

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na sikuwa na jibu. Ni rahisi kulinda njia ya kijiji kwa fungu la mtu mwingine. Mwisho tuliafikiana kwamba njia na kisima vibaki, na kwamba upungufu wa fungu lake niulipe mimi kidogo kidogo katika mshahara wangu, kwa kuwa kosa la mchoro lilikuwa langu. Alikubali. Lakini aliondoka bila kunywa chai, na kwetu sisi hilo si jambo dogo.

Kwa sensa ya mwaka 2022, Pemba ina watu zaidi ya 543,000. Miaka kumi kabla yake walikuwa 406,000 na zaidi. Watu wote hao wanataka pa kulala, na miji yetu haina budi kukua. Simlaumu anayeuza kiwanja wala anayenunua. Ninalowaomba wasomaji wenzangu, hasa sisi tuliohamia mijini na tunaogawa urithi kwa simu na karatasi, ni jambo moja dogo. Kabla ya kuchukua rula, nendeni mkalitembee shamba kwa miguu pamoja na mzee aliyebaki huko, naye awaonyeshe nani hupita wapi.

Tuliporudi nyumbani, kijana aliufungua tena mkoa wake. Kijiji alichokibomoa alikijenga upya, na barabara ya kwenda Karafuuni sasa inakizunguka kwa kona ndefu. “Imenigharimu, mama,” aliniambia. “Hazina imebaki kidogo sana.”

Nikamwambia kwamba na yangu vilevile. Mwezi uliopita nilipeleka Pemba fungu la nne. Mdogo wangu alinipigia simu kunijulisha kwamba limefika, na kabla ya kukata akauliza hali ya mji wa bibi.