Kiganja cha Mtoto na Kiganja cha Mungu

Katika makanisa yetu ya Kilutheri kijana haendi kupokea kipaimara mikono mitupu. Hutakiwa kuzijua kwa moyo Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana na maelezo yake katika Katekisimu Ndogo. Ni desturi njema. Nimewaona wazee ambao macho yao hayaoni tena herufi wakiyatamka maneno hayo kitandani pasipo kukosea. Lakini yuko kijana ambaye desturi hii huweza kumgeukia ukuta.

Nasema juu ya kijana mwenye hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi ADHD. Hana pepo, si mjinga, wala si kwamba fimbo zilipungua. Akili yake hupata taabu kutulia juu ya jambo moja, na mara nyingi hata mwili hautulii. Wengi wao pia hupungukiwa na kitu ambacho wataalamu hukiita kumbukumbu ya kazi. Hii si kumbukumbu ya mambo ya mwaka jana, ni ya dakika hii. Mama akisema, "Nenda dukani ulete chumvi na kiberiti, ukirudi pitia kwa bibi uchukue ndoo," kumbukumbu ya kazi ndiyo inayoyashika maneno hayo wakati miguu inatembea. Ni kama kiganja. Hata cha mtu mzima hubeba vichache tu. Cha kijana huyu, mbwa akibweka njiani, hufunguka na vyote vikaanguka.

Kijana wa namna hiyo, wa miaka 14, alikuwa darasani kwangu. Alipoanza kusema maelezo ya amri, akifika katikati alikuwa ameshapoteza mwanzo. Baadhi ya wazee wa kanisa walishauri asubiri mwaka mwingine. Mama yake naye alikuwa amesikia kwa ndugu aliye ng'ambo kwamba yako mazoezi ya kompyuta ya kuimarisha kumbukumbu ya kazi. Akaniuliza, "Mchungaji, nina ng'ombe mmoja wa maziwa. Nikimuuza nitanunua kompyuta na kulipia hayo mazoezi. Nimuuze?"

Swali kama hilo halijibiwi kwa maombi peke yake, ilinipasa kusoma. Mazoezi yanayojulikana zaidi yalianzia Uswidi, nchi ambayo baadhi ya sharika zetu zinaijua kwa wamisionari wake. Mtafiti Torkel Klingberg wa Stockholm, pamoja na wenzake, walitangaza mwaka 2005 matokeo ya watoto 53 wa miaka 7 hadi 12. Mtoto huketi mbele ya kompyuta karibu kila siku kwa majuma kama matano, akishika mfuatano wa alama au namba na kuurudia, na kazi huongezeka ugumu kadiri anavyoweza. Watoto waliboreka, na wazazi wao wakaona dalili zimepungua. Ilikuwa habari ya kutia moyo.

Lakini wengine walipopima tena, furaha ilipungua. Huko Kanada mwaka 2012 lilitoka jaribio la vijana 60 wa miaka 12 hadi 17 wenye ADHD na matatizo ya kujifunza. Waliopewa mazoezi hayo waliendelea vizuri katika baadhi ya vipimo vya kumbukumbu ya kazi, lakini si katika umakini wala masomo. Mwaka 2013 Monica Melby-Lervåg na Charles Hulme walikusanya tafiti 23 na kuona jambo lile lile: mtu huboreka katika kile alichokizoeza, na faida haivuki kwa urahisi kwenda kwenye kusoma na hesabu.

Nikamwambia mama: ng'ombe abaki, na kliniki ya mtoto isiachwe. Kama mtu hukua katika kile anachokizoeza, basi tukitaka kijana asali, tumzoeze kusali kwenyewe.

Martin Luther alilijua jambo hili kwa namna yake. Katika dibaji ya Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 anawashauri wachungaji wawafundishe vijana kwa maneno yale yale pasipo kuyabadili, na wasifundishe yote kwa pamoja bali sehemu moja baada ya nyingine. Tulifanya hivyo. Agizo moja kwa wakati mmoja. Amri moja kwa kidole kimoja. Maelezo yakakatwa vipande vifupi na kuandikwa kwenye kadi aliyoitia mfukoni.

Mzee mmoja aliuliza kama kadi si udanganyifu. Tukasoma pamoja Kumbukumbu la Torati 6. Mungu anawaagiza watu wake wayafunge maneno yake mikononi na kuyaandika kwenye miimo ya milango. Katika Yoshua 4 mawe 12 yanasimamishwa ili watoto wauilize maana yake. Mungu hakuwakemea Israeli kwa kuwa na vichwa vinavyosahau. Aliwapa mahali pa nje pa kuitunza kumbukumbu. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Basi hata mimi miwani yangu ni kadi." Kijana aliulizwa swali moja moja, akajibu kwa utulivu, akabarikiwa pamoja na wenzake.

Wapendwa, sisi tunabatiza watoto wachanga, ambao hawatakumbuka hata tone moja la maji yale. Kama neema ingeisubiri kumbukumbu ya mtu, ubatizo huo ungekuwa bure. Mnyang'anyi msalabani hakuwa na la kukariri; aliomba tu akumbukwe. Basi tuendelee kuwafundisha vijana wetu kwa bidii, lakini yule anayesahau tusimhesabu kuwa amesahauliwa. Tukae karibu naye ibadani, tumshikie ukurasa, tuseme naye Imani kwa sauti, ili akipotelewa na neno, usharika uwe bado unalisema. Katika Isaya 49 Mungu anasema amewachora watu wake katika viganja vyake. Hicho ndicho kiganja kisichofunguka.