Wa Mwisho Kunawa

Siku hizi simwulizi mgonjwa kama ana shida ya kumeza. Namwuliza: ukila ugali, maji unayaweka wapi? Kazi yangu ni endoskopi, ile ya kuteremsha kamera kooni hadi tumboni, na mtu aliyeishi na umio mgumu tangu ujana mara nyingi hajui kwamba anaumwa. Kila tonge hulisindikiza kwa funda la maji. Nyama huikata vipande vidogo mno au husema haipendi. Kwenye sinia yeye ndiye wa mwisho kunawa, na nyumbani wameshamzoea: "Huyu anaringia chakula."

Nilimpokea kijana aliyekwamwa na pande la nyama harusini. Alishika kikopo anatemea mate, maana hata mate hayakupita. Mama yake mdogo akanieleza kwamba ni vidonda vya tumbo, katibiwa tangu sekondari. Nikauliza kuhusu pumu. "Ya utotoni hiyo, daktari. Ilishaisha." Tulipoitoa nyama, umio ulikuwa na pete toka juu hadi chini, kama lile bomba lenye mikunjo chini ya sinki. Kidonda hakikuwepo hata kimoja.

Ugonjwa huo kwa kifupi huitwa EoE. Ni aleji sugu ya umio, mara nyingi ya vyakula kama maziwa, ngano au mayai. Eosinofili, chembe nyeupe za damu ambazo umio mzima hauna, hujazana ukutani mwake. Ukuta huvimba, na miaka ikipita hufanya makovu, njia ikabana. Ulianza kutambuliwa kama ugonjwa wa peke yake miaka ya 1990: Stephen Attwood na wenzake waliuandika 1993, Alex Straumann wa Uswisi 1994. Daktari aliyehitimu kabla ya hapo hakufundishwa. Huko huko Uswisi, utafiti wa wagonjwa 200 uliochapishwa 2013 ulikuta nusu yao walikaa miaka 6 au zaidi na dalili kabla ugonjwa haujajulikana. Kwa waliogunduliwa ndani ya miaka 2, asilimia 17 walikuwa na umio uliobana. Kwa waliopitisha miaka 20, asilimia 71.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ya kuchelewa huko, na naielewa. Saratani ya umio ni nyingi ukanda huu, kwa hiyo kila anayekwamwa tunamtafutia saratani. Isipoonekana sote tunashusha pumzi, ripoti inaandikwa "umio mzima", mgonjwa anaondoka na omeprazole. Hapo ndipo panaponiudhi. Umio wenye EoE waweza kuonekana safi kabisa kwenye kamera. Eosinofili huhesabiwa kwa hadubini, 15 au zaidi katika eneo moja linaloonekana kwa lenzi kali. Visipochukuliwa vinyama vya kupeleka maabara, angalau 6, vya juu na vya chini, ugonjwa huo haujatafutwa. Tena omeprazole, inayouzwa kila duka la dawa, huwasaidia kweli baadhi ya wagonjwa hawa, na kwa hiyo huweza kuuficha ugonjwa siku ya kipimo. Inapowezekana isimamishwe wiki 3 kabla, kwa maelekezo ya daktari.

Tiba ipo: omeprazole yenyewe, steroidi za pumu zinazomezwa badala ya kuvutwa, kuacha vyakula fulani kwa mpango, na kutanua umio uliokwisha kubana. Kovu la miaka mingi ndilo linalotusumbua.

Kama kwenu yupo mlaji wa namna hii, hasa kijana mwenye pumu, ukurutu au mafua ya aleji, mwelezeni daktari jinsi anavyokula. Akiteremshiwa kamera, ombeni vinyama vya umio vichukuliwe hata ukionekana safi. Na chakula kikikwama, mate yakawa hayapiti, msimsukumie kwa tonge wala ndizi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.