Siku ya Mapumziko Diani

Napenda kuwasimulia habari za siku moja ya safari yetu ya pwani, maana siku ile nalifundishwa na mnyama.

Twalikuwa watu 12, wazee kwa vijana, tuliotoka Taita kwa basi mwezi wa Agosti 2023. Siku mbili twalizunguka Mombasa kwa miguu, tukaiona na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Siku ya tatu kiongozi wetu akasema, "Leo ni kupumzika." Basi tukavuka Likoni kwa feri, tukashika njia ya kusini mpaka Diani.

Mchanga wa Diani ni mweupe, laini kama unga. Maji yalikuwa yamekupwa, na mbali twaliona mawimbi yakivunjika juu ya mwamba. Upepo wa kusi ulikuwa umeleta mwani mwingi ufuoni. Hapo tukamkuta saisi mmoja na farasi watatu wa kukodisha.

Kwetu farasi ni mnyama wa kusikiwa tu. Hata misafara ya zamani ilichukua mizigo yake kwa vichwa vya wapagazi, kwa kuwa katika nchi zenye mbung'o farasi hupata maradhi na kufa.

Vijana walipanda kwanza. Kisha wakaniambia, "Mwalimu, zamu yako." Sikutaka kuonekana mwoga. Saisi akanitia mguu katika kikuku, akanipa hatamu, nami nikaketi juu, moyo ukinidunda. Tulipokwenda kidogo nikajiona kama liwali.

Tukafika mahali palipofunikwa na mwani, farasi akasimama. Nikamwamuru aende, akakataa. Nikampiga kwa visigino mara mbili, nikavuta hatamu kwa hasira, kama nilivyozoea kumtenda punda wangu wa maji. Farasi akalaza masikio nyuma, wala hakuinua mguu.

Saisi akasema kwa upole, "Mzee, usimpige. Ngoja kwanza uone." Akatia fimbo yake katika ule mwani, ikazama hata nusu. Chini palikuwa na shimo kati ya mawe, limejaa maji. Akasema, "Yeye amelitambua, ila hana kinywa cha kukuambia."

Naliona haya sana. Miaka mingi nimewafundisha watoto habari za Balaamu, aliyempiga punda wake mara tatu kwa sababu ya hatari ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Asubuhi nalifundisha kwa kinywa, na jioni mkono wangu ukashika fimbo. Nikakumbuka kidonda kilichokuwa mgongoni mwa punda wangu, nami siku zote nalikiita kitu kidogo. Nikashuka, nikamwongoza farasi kwa miguu, tukalizunguka lile shimo.

Niliporudi nyumbani nalimpumzisha punda mpaka kidonda kikapona. Majuma matatu nalichota maji mwenyewe, majirani wakicheka. Kisha nikamshonea tandiko la gunia, nikalijaza nyasi kavu.

Hata leo punda husimama njiani. Mara nyingine ni ukaidi tu. Mara nyingine naona kamba imembana, au jiwe limeingia katika ukwato. Lakini siwezi kujua ni lipi mpaka nimeinama nikatazama.