Maziwa ya Siku Sita

Mwaka wa kwanza, kipindi cha kwanza kabisa pale SUA, mwalimu alituuliza: nani kaja hapa kwa sababu anapenda wanyama? Karibu darasa zima tukanyoosha mikono. Akacheka, akasema, "Sawa. Ila mnyama hana simu. Atakayewapigia ni mwenye mnyama." Tukacheka naye, likapita.

Mimi nilikuwa na picha yangu kichwani: gari la wazi, simba kalala kwa sindano ya usingizi, nami nimempigia magoti nampima mapigo ya moyo. Picha hiyo niliitoa kwenye televisheni. Nyumbani hawakuwa na picha yoyote. Baba alitaka daktari wa watu, na mpaka leo majirani wananiita "daktari wa ng'ombe" kwa sauti ileile wanayotumia kumpa mtu pole.

Wadogo zetu wanaojaza fomu huwa wananiuliza habari za simba. Kazi hiyo ipo, sibishi, na anayetaka uhifadhi wa wanyamapori hasa, chuo cha Mweka kipo tangu 1963. Lakini kuna kazi nyingi za wanyama ambazo hakuna anayezipiga picha. Kuna mtu anasimama machinjioni alfajiri anapasua tezi za ng'ombe aliyechinjwa, ili wewe jioni ule mshikaki wako bila wasiwasi. Kuna anayezunguka vijijini na kichupa cha chanjo ya mdondo, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Na hapahapa Morogoro wapo wanaofundisha panya buku wa APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake huko Cambodia, alizaliwa Tanzania. Bibi yangu hajaniamini mpaka leo. Panya, medali?

Mimi fildi ya mwaka wa nne ilinipeleka Hai, Kilimanjaro, kwa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa ndani, katikati ya migomba. Nilikuwa chini ya afisa mifugo wa kata, mzee mpole mwenye pikipiki iliyochoka. Siku ya tatu tukaitwa kwa mama mmoja mjane. Ng'ombe wake ni mmoja tu, jina lake Neema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiye daktari huyu? Mdogo hivi?"

Neema alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Robo moja imevimba, ina joto, na tulipokamua kidogo kwenye kikombe cheusi yakatoka madonge. Hilo nililijua, nilishalijibu kwenye mtihani. Tukaweka dawa kwenye chuchu, nikamwelekeza mama jinsi ya kurudia, siku tatu. Nikasoma lebo: baada ya dozi ya mwisho, maziwa yasitumike kwa saa 72.

"Kwa hiyo jumla siku sita, mama. Usiuze wala msinywe."

"Ya chuchu hii mbovu."

"Yote, mama. Dawa inaingia kwenye damu, inatokea hata kwenye chuchu nzima."

Akanyamaza. Kisha akauliza taratibu, bila ukali, "Kijana wangu anatakiwa kurudi shule Jumatatu na ada. Wewe mwanangu ungemwaga?"

Nikamgeukia mzee. Alikuwa anafunga begi lake polepole mno, kama vile zipu imekwama. Nikaelewa kuwa swali ni langu.

Nikasema ningemwaga. Nikaeleza kwamba kuna watu dawa hizi zinawadhuru, kwamba maziwa yenye dawa yakichanganywa na ya wenzake mtindi haugandi na watakuja kumtafuta aliyeharibu, kwamba vijidudu vinazoea dawa. Kila neno lilikuwa kweli. Mama akatikisa kichwa, akasema, "Wewe una bumu." Hakuwa ananitukana.

Usiku nikapiga hesabu. Lita 8 kwa siku, shilingi 1,500 kwa lita, siku sita: 72,000. Katika madaftari yangu yote ya miaka minne, siku za kusubiri ziliandikwa kama namba ya dawa. Hakuna mahali zilipoandikwa kama ada ya mtu. Nilifikiria kuacha, kwa kweli. Niliandika hata meseji kwa baba, sikuituma.

Siku ya nne tulipita kumwona Neema. Chini ya mgomba mmoja udongo ulikuwa mweupe, umelowa, nzi wamejaa. Nikafurahi. Halafu, tunatoka, tukapishana na kijana kwenye baiskeli na dumu la njano nyuma. Linaweza kuwa la maji. Mzee hakusema kitu, nami sikuuliza. Nimeshajilaumu kwa kutouliza, na siku nyingine nimejishukuru.

Siku ya saba kikombe cheusi kilitoka safi, hakuna donge. Mama akatuvuta ndani, akaleta chai ya maziwa, akasimama pale na birika mkononi akinitazama.

"Siku zimeisha, daktari? Au sijahesabu vizuri?"

Nikamwambia zimeisha. Akamimina, nikanywa.