Barua kwa Wafiwa

Kiswahili kina neno ambalo sisi walimu wa sarufi hulipita upesi mno darasani, nalo ni kufiwa. Chanzo chake ni kufa, likazaa kufia, kisha kufiwa. Na kwa mnyambuliko huo mdogo lugha imekwisha kueleza kwamba kifo hakimpati marehemu peke yake, bali humfika na yule aliyebaki. Makiwa nayo, salamu wanayoitoa watu wa pwani wafikapo matangani, ni ndugu wa ukiwa, yaani upweke. Mwandishi wa rambirambi basi humwandikia mtu mpweke.

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la tano huko Kasulu, mkoani Kigoma, ambako tangu enzi za ukoloni wanaume wengi walikwenda kukata mkonge Tanga. Jirani yetu mmoja alifia huko. Mkewe hakujua kusoma, hivyo barua mbili zilipofika niliitwa mimi nizisome mbele ya waombolezaji, huku nikizigeuza kwa Kiha kadiri nilivyoweza. Ya kwanza ilitoka kwa waajiri: mistari miwili ya masikitiko, na wa tatu ukitaja deni la marehemu dukani. Hakuna aliyesema neno. Ya pili iliandikwa kwa penseli na mwenzake wa kazi. Ilianza, “Shemeji,” ikaeleza kwamba homa ilimshika siku tatu, na kwamba hakulala peke yake hata usiku mmoja, kwani walipokezana kumlowesha midomo. Tena sandukuni mwake mlikuwa na doti mbili za kanga alizonunua akingojea likizo.

“Mwanangu,” akasema yule mama, “rudia hapo pa usiku.”

Nilirudia mara nne. Kanga zenyewe zililetwa na mwandishi huyo miezi mitatu baadaye, zimefungwa katika gazeti.

Barua ile haikuwa na anwani wala tarehe, na tahajia yake ingemnyima mwanafunzi wa leo alama nyingi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huandika kwa usahihi: “kwa masikitiko makubwa,” “pengo lisilozibika.” Sizidharau kauli hizo, maana moyo uliotikisika hupenda kushika kitu unachokijua. Lakini barua inayoweza kupelekwa katika kila msiba kwa kubadili jina tu, wafiwa huitambua mara moja. Imani ya wenye msiba nayo haina budi kujulikana mapema. Kumwandikia Mwislamu kwa maneno ya tenzi za kanisani ni sawa na kuingia msikitini na viatu.

Siku hizi rambirambi hupita katika simu, aghalabu herufi tatu za Kiingereza pamoja na fedha. Fedha sina ugomvi nazo. Ubani ni mila yetu, na sanda hununuliwa. Herufi tatu ndizo zinazonishinda. Ujumbe waweza kuwa mfupi, lakini uwe na jambo moja ambalo mwandishi mwenyewe alilishuhudia.

Darasani huwataka vijana wasomeane barua zao kwa sauti, kwa kuwa yamkini zitamfikia bibi kwa kinywa cha mjukuu. Mwaka huu mmoja aliniuliza kama ni adabu kuandika kwamba marehemu alikuwa mcheshi, ilhali watu wanalia. Nikamwambia aandike kile alichokuwa akiwachekesha nacho.