Nafasi ya Sajini

Sajini hakuwa ndugu yangu. Hatukuwa ukoo mmoja, hatukusali jumuiya moja, na shamba lake la kahawa lilikuwa bonde jingine kabisa. Kilichotukutanisha ni mganda tu: Jumapili alasiri, miezi ya kiangazi, kwenye uwanja wa vumbi upande wa Ngaka, ambako malori ya makaa ya mawe hupita na kutuachia vumbi jingine juu ya lile tulilolitimua wenyewe. Hata jina lake la ubatizo nililisikia kwa mara ya kwanza siku liliposomwa mbele ya jeneza lake.

Kwa asiyeujua, mganda ni ngoma ya wanaume wa mwambao wa Ziwa Nyasa, nasi wa milimani Umatengo tunaucheza pia. Mnajipanga mistari kama askari, kaptula nyeupe zimepigwa pasi, soksi zimefika magotini. Ngoma kubwa inaita, nanyi mnajibu kwa hatua ndogo ndogo, wote kwa pamoja, kana kwamba mguu ni mmoja. Halafu kuna vibuyu. Kibuyu cha mganda kina tundu pembeni lililozibwa kwa utando mweupe, ule ambao buibui hufunikia mayai yake. Hukipulizi. Unaimba ndani yake, utando unatetemeka, na sauti yako inatoka imekuwa kitu kingine, mvumo kama wa mzinga wa nyuki uliopangwa kwa noti.

Yeye ndiye aliyekuwa akiimba kibuyu kikubwa kuliko vyote, mstari wa mbele, wa pili kutoka kulia. Cheo cha sajini hakukipata jeshini. Mganda una vyeo kwa sababu ni mtoto wa beni, ile ngoma iliyozaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za Wazungu, kisha ikasambaa Tanganyika yote pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1975, na jambo lililonigusa humo si sare wala mashindano. Ni kwamba vyama vya beni vilikuwa pia vyama vya kusaidiana. Mwanachama akiugua, wenzake walimwuguza. Akifa ugenini, mbali na ukoo wake, wenzake wa ngoma ndio waliomzika.

Sisi hatukuwa ugenini. Ukoo ulikuwepo, kanisa lilikuwepo. Tulikuwa watu wa kucheza tu.

Lakini dalili ya kwanza tuliiona sisi, si watu wa nyumbani kwake. Baada ya mazoezi huwa tunakula pamoja, ugali na usipa wa ziwani, mikono mingi sinia moja. Mkono wa Sajini ukaanza kuchelewa. Akawa anamega tonge dogo kama la mtoto, analichovya kwenye mchuzi mpaka lilegee, anafumba macho ndipo anameza. "Ugali wa siku hizi unakwama," alisema, kama vile kosa ni la unga. Baada ya wiki chache akawa anakunywa mchuzi tu. Kisha kibuyu chake kikaanza kukwaruza. Alibadilisha utando mara mbili, akidhani umechakaa. Utando ulikuwa mzima.

Kwenye zahanati moja walimpa vidonge vya vidonda vya tumbo. Akavimeza, au tuseme akavisaga na kuvinywa, miezi mitatu. Kipimo cha kamera alikuja kukipata hospitali ya mbali, kahawa ikiwa imeshachumwa na pesa kidogo ipo. Saratani ya umio, wakamwambia, ile njia inayopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Niliposoma juu ya ugonjwa huo nilikuta ramani. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kutoka Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na Malawi, jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, wako kati ya walioathirika zaidi. Wataalamu wanataja tumbaku, pombe, moshi, lishe duni. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliongeza kwamba vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, huenda vinachangia. Hakuna jibu moja linalotosha. Kilicho wazi ni kwamba umio hutanuka, na hivyo huvumilia. Mtu anapoanza kukwamwa na ugali, mara nyingi uvimbe umeshakula sehemu kubwa ya njia. Kwa hiyo niseme kwa lugha ya nyumbani: mtu mzima akianza kulowesha tonge, msimwache azoee. Mpelekeni.

Kutoka Mbinga hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa basi. Kikundi kilikuwa na akiba ya soksi mpya na nauli ya kwenda Mbamba Bay kwenye mashindano. Hatukupiga kura. Mtunza hazina alifungua kisanduku, akahesabu mbele yetu, akampelekea mke wa Sajini zile noti zikiwa bado zimefungwa kwa raba. Mwaka ule hatukwenda Mbamba Bay.

Alichomwa mionzi, akawekewa bomba dogo la wavu wa chuma ili uji upite. Aliporudi, kaptula ya mganda ingemzunguka mara mbili. Hata hivyo Jumapili alikuja, akakaa kwenye kigoda pembeni ya uwanja, kibuyu mapajani. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono. Tukikosea hatua hakusema kitu. Aliinua kidole kimoja, nasi tukarudia. Siku moja alituinulia kidole mara kumi na moja. Sijawahi kuona mtu anayekaribia kufa akijali kiasi kile mguu wa kushoto wa mtu mwingine.

Alifariki mwezi wa Juni, kahawa ikianza kuiva tena.

Msibani ndipo nilipojua kwamba huzuni nayo ina protokali. Mshereheshaji aliita makundi kwenda kuaga: familia, ukoo, wakwe, jumuiya, chama cha ushirika, majirani. Sisi, wanaume kumi na wanane tulioacha nafasi moja katikati yetu bila kuambiana, hatukuwa kwenye karatasi. Sikumlaumu. Angetuitaje? Hakuna neno la kumtaja mtu aliyefiwa na mchezaji mwenzake. Ukifiwa na mume wewe ni mjane, ukifiwa na mzazi wewe ni yatima. Ukifiwa na mtu ambaye kwa miaka tisa umeweka mguu chini pale pale alipouweka yeye, wewe ni jirani tu aliyekuja na sare.

Mjane wake ndiye aliyetuita. Alimnong'oneza mshereheshaji, kisha akasema mwenyewe, kwa sauti ya kawaida: "Wanangu wa mganda, njooni mumwone mwenzenu." Tukapita mmoja mmoja. Ngoma haikupigwa, wazee wa ukoo hawakutaka, na siku ile ilikuwa yao. Lakini tulipokuwa tukitembea kuelekea kaburini nilisikia miguu yetu. Ilikuwa inashuka pamoja.

Ugomvi ulikuja baadaye, mazoezi yalipoanza tena. Kiongozi wetu alisema nafasi ijazwe: mganda ni jeshi, na jeshini mtu akianguka mstari unasogea. Wengine wakasema nafasi ya wa pili kutoka kulia ibaki wazi msimu mzima, watu waone. Mimi nilikuwa upande wa kuiacha wazi, na nilibisha kwa ukali. Tulijaribu. Jumapili mbili tulicheza na pengo, na pengo likatushinda, kwa sababu kila mtu alikuwa akiliangalia badala ya kusikiliza ngoma. Mstari ulipinda. Sajini angeinua kidole.

Jumapili ya tatu tulimsogeza kijana wa mstari wa nyuma. Mjane alikuwa ameshatuletea kibuyu, akisema hajui akitunze vipi. Kijana akaimba ndani yake, kikatoa sauti ya mtu anayeimba ndani ya ndoo. Utando ulikuwa umekauka na kupasuka. Ndipo tulipotazamana. Miaka yote hiyo Sajini ndiye aliyetuletea utando, umekunjwa ndani ya jani la mgomba. Alikuwa anautoa wapi?

Siku hizi vikundi vingine huziba tundu kwa karatasi ya nailoni, na inatosha kwa asiyejua. Sisi tulitawanyika kutafuta: nyuma ya mapipa, chini ya mapaa, kwenye kuta za udongo za majiko ya zamani. Watu wazima wenye familia, tunakagua kuta kama mafundi. Niliupata mimi, nyuma ya mtambo wa kumenyea kahawa, mahali pakavu pasipofikiwa na maji: duara jeupe, dogo kuliko shilingi, limebanwa ukutani. Pembeni yake kulikuwa na alama nyingine kama hizo, za zamani, safi na za mviringo, mahali ambapo mtu alikuwa amebandua kwa ncha ya kisu bila kuuchubua ukuta.

Nilibandua moja. Nyingine nikamwonyesha kijana, aje mwenyewe wiki ijayo.