Mji wa Dhahabu Nyeusi

Atakaye kuuona mji wa Ouro Preto, katika nchi ya Brazil, hupanda basi Belo Horizonte na kusafiri karibu kilomita 100 katikati ya milima. Nilipofika ilikuwa asubuhi, na ukungu ulikuwa haujaondoka. Niliona kwanza minara ya makanisa, kisha mapaa ya vigae, na mwisho nyumba nyeupe zilizoshikamana na mlima. Njia zimetandikwa mawe, nazo zina mwinamo mkali hata mgeni hana budi kupumzika mara kwa mara.

Jina la mji huu maana yake ni Dhahabu Nyeusi. Mwishoni mwa karne ya 17 watu waliokota punje nyeusi katika vijito vya huko, kumbe ndani yake mna dhahabu. Habari ilipoenea, Wareno walimiminika, na mwaka 1711 ukawekwa mji ulioitwa Vila Rica, yaani Mji Tajiri. Jina la sasa ulipewa mwaka 1823. Mfalme wa Ureno alitwaa fungu moja katika kila mafungu matano ya dhahabu. Dhahabu ilipopungua na madai ya kodi yasipungue, watu kadha wakafanya shauri la kuasi mwaka 1789. Mmoja wao, Tiradentes, alinyongwa Rio de Janeiro mwaka 1792, na kichwa chake kikaletwa hapa na kutundikwa uwanjani. Leo uwanja huo una sanamu yake.

Lakini ni nani walioichimba dhahabu hiyo? Ni Waafrika, waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika ya Magharibi na Angola. Niliingia katika shimo moja la kale, nikatembea kwa kuinama, maji yakinidondokea shingoni. Baada ya dakika chache nilitamani jua. Wao walifanya kazi katika mashimo kama hayo siku baada ya siku, na utumwa haukukomeshwa Brazil mpaka mwaka 1888.

Kutoka hapo nilikwenda kanisa la São Francisco de Assis, lililoanza kujengwa mwaka 1766. Nakshi za mlango wake zimechongwa katika jiwe laini, la namna ile ichongwayo Kisii kwetu. Fundi wake alikuwa Antônio Francisco Lisboa, aitwaye Aleijadinho, yaani Kilema Mdogo. Baba yake alikuwa Mreno, mjenzi. Mama yake alikuwa Mwafrika, mtumwa. Ugonjwa ulipomharibu mikono, yasimuliwa kwamba alifungiwa patasi na nyundo, akaendelea kuchonga. Alifariki mwaka 1814.

Dhahabu nyingi ilikwenda Ulaya, na mwaka 1897 makao makuu ya jimbo yakahamishiwa Belo Horizonte. Hata hivyo wageni wangali wanaupanda mlima huu. Hawaji kutafuta dhahabu tena. Niliwaona wamesimama mbele ya mlango ule, kofia mikononi, wakiitazama kazi ya mtoto wa mtumwa.